Kocha Etienne Ndayiragije: Mrundi anayefundisha ugenini

Mwezi huu ukurasa wa michezo umekula nafasi kubwa kuliko kawaida, na akina mama tunawaomba msikasirike kwamba mapishi yamepungua. Habari yenyewe ni ya familia pia, mtaona. Msimu mpya wa mpira unakaribia, na vijana wetu wanaokaa kwenye kibanda cha video mpaka jenereta linazimwa wametuuliza swali moja mara nyingi: je, mtu wa kwetu anaweza kuishi kwa mpira bila kwenda kucheza Ulaya? Tukakaa, tukafikiri, tukaona jibu zuri haliko kwa mchezaji. Liko kwa kocha. Tena kocha ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina, na wengine mliwahi kumkasirikia sana mwaka 2019.

Anaitwa Etienne Ndayiragije. Huku Tanzania kocha huitwa mwalimu, na huyu jina hilo limemkaa vizuri, maana timu nyingi alizopewa zilikuwa kama darasa la watoto ambao shule nyingine zimewakataa.

Tuanzie Mwanza. Mbao FC walipanda ligi kuu ya Tanzania mwaka 2016 kwa njia ya ajabu kidogo. Timu nyingine za kundi lao zilihukumiwa kwa kesi ya kupanga matokeo, na nafasi ikawaangukia wao. Timu ya namna hiyo kila mtu anaipigia hesabu ya kushuka. Haina pesa, haina majina, na jina lake lenyewe linafanya watu wacheke. Akapewa Mrundi.

Msimu ule wa 2016/17 Mbao walihangaika kwenye ligi mpaka mwisho, hilo hatufichi. Lakini kwenye Kombe la FA walifanya mambo. Nusu fainali walikutana na Yanga pale CCM Kirumba, wakawatoa 1-0. Fainali ikawa Dodoma, uwanja wa Jamhuri, tarehe 27 Mei 2017, dhidi ya Simba. Dakika 90 ziliisha bila mshindi. Kwenye muda wa nyongeza Simba wakapata, Mbao wakasawazisha, na watu wakaanza kujiandaa kwa matuta. Halafu dakika za mwisho kabisa ikatoka penalti, Shiza Kichuya akapiga, Simba 2, Mbao 1. Mshindi wa kombe lile ndiye alikuwa anaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa hiyo timu iliyopanda mwaka mmoja kabla, timu ya mbao bwana, ilikosa kwenda Afrika kwa dakika chache tu.

Hapo ndipo watu walianza kuuliza: huyu kocha katoka wapi?

Katoka Burundi, nchi ambayo majirani huijua kwa habari nyingine kuliko mpira. Lakini wazee wetu wanajua. Bujumbura ni mji wa mpira tangu zamani. Mtu aliyekulia Buyenzi au Bwiza anajua kwamba jioni hakuna uwanja mtupu, na pasipo na uwanja barabara inatosha. Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992, ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Mwaka 2013 Vital'O hao hao walikwenda Sudan kwenye Kombe la Kagame, mashindano ambayo Simba na Yanga hawakwenda kwa ajili ya usalama, wakalichukua kwa kuwafunga APR ya Rwanda 2-0. Mfungaji wao Amissi Tambwe aliondoka na kiatu, Simba wakamsajili, na msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 19. Na Shabani Nonda, Mkongomani aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1977, alipita Yanga kabla ya kufika Monaco na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa msimu wa 2002/03 kwa mabao 26. Kwa hiyo wachezaji kutoka Buja walizoeleka. Kocha kutoka Buja ndiyo ilikuwa habari mpya.

Baada ya Mwanza akachukuliwa na KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam. Nao walikuwa wageni, wamepanda 2018. Msimu wao wa kwanza kwenye ligi kuu wakamaliza wa 4 na wakapata tiketi ya Afrika, ile ile iliyomponyoka Dodoma. Tunapenda jambo hilo. Ila tiketi hakuitumia yeye. Katikati ya 2019 Azam walimwita, akaenda, na mwezi wa 7 akawa nao Kigali kwenye fainali ya Kagame, wakafungwa 1-0 na KCCA ya Uganda. Hata Azam hakukaa. Tanzania walikuwa wametoka kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri wamefungwa mechi zote 3, kocha wao Emmanuel Amunike akafungashiwa virago, na shirikisho likatafuta mtu wa kushika timu kwa muda. Likamkabidhi Ndayiragije.

Sasa tufike pale mnapopangoja.

Mechi zake za kwanza zilikuwa na Kenya, kufuzu CHAN, yaani mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani. Dar 0-0, Nairobi 0-0, halafu penalti Tanzania wakashinda 4-1. Golini alikuwepo Juma Kaseja, kipa ambaye watu wengi walidhani mambo yake yameisha. Kocha alikuwa naye KMC, alimjua, akamrudisha. Shikeni jina hilo la Kaseja, linarudi sasa hivi.

Kura ya kufuzu Kombe la Dunia 2022 ikatoka: Burundi na Tanzania. Mrundi kwenye benchi la Tanzania, na mechi ya kwanza inachezwa Bujumbura.

Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Machi 2019 Burundi walitoka sare ya 1-1 na Gabon pale Bujumbura, bao la Cédric Amissi, wakafuzu Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kundi zima la kufuzu hawakupoteza mechi hata moja. Fiston Abdul Razak alifunga mabao 6. Kule Misri walifungwa zote, 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar, 2-0 na Guinea, lakini nani alijali? Nahodha alikuwa Saido Berahino, mtoto aliyezaliwa Bujumbura, baba yake akafa wakati wa vita, naye akafika Uingereza akiwa na miaka 10 kama mkimbizi. Hapa kambini jina lake liliandikwa kwa mkaa kwenye kuta nyingi, na kuna ukuta mmoja bado linasomeka.

Basi tarehe 4 Septemba 2019, kwenye ule uwanja ulioitwa miaka mingi Mwanamfalme Louis Rwagasore na sasa unaitwa Intwari, Ndayiragije aliingia na kukaa benchi la wageni. Sie huku tulikuwa kwenye redio. Tulikaa kama kawaida, lakini ushabiki haukuwa kama kawaida. Wapo waliovuka mpaka 1972 na watoto wao na wajukuu wao wamezaliwa upande huu. Wapo wa 1993. Wapo wa 2015, ambao nyumba waliyoiacha Buja wanaikumbuka mpaka rangi ya mlango. Amissi alipofunga tulipiga kelele wote, au karibu wote. Dakika chache baadaye Simon Msuva akasawazisha, na kumbe walikuwepo vijana waliopiga kelele pia! Wakanyamaza haraka walipoona nyuso za baba zao. Ikaisha 1-1.

Siku 4 baadaye, Dar es Salaam. Mbwana Samatta akafunga, Fiston akarudisha kabla ya mapumziko. 1-1 tena. Dakika 30 za nyongeza, hakuna kitu. Penalti. Kaseja golini. Burundi walipiga 3 na hawakupata hata moja, Tanzania wakapata 3, mchezo ukaisha pale pale.

Usiku ule kulisemwa maneno hapa ambayo gazeti la familia haliwezi kuyaandika. Wengine walimwita msaliti. Mzee mmoja wa zoni ya jirani alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu akila chakula cha watu lazima awalimie shamba lao. Tulibishana siku nyingi. Msimamo wa sisi tunaoandika ukurasa huu tunauweka wazi leo: alifanya kazi aliyoajiriwa kufanya, na aliifanya kwa ustadi. Mwalimu anayefundisha mtoto wa jirani hamfundishi nusu ili wa kwake awe wa kwanza. Na sisi wakimbizi, ambao tunaishi kwenye ardhi ya watu na watoto wetu wanashangilia Simba na Yanga kuliko timu yoyote ya Bujumbura, tungekuwa wa mwisho kumrushia mtu jiwe kwa jambo hilo. Wasomaji wasiokubali waandike, tutachapisha. Matusi hatuchapishi.

Tena mpira una namna yake ya kulipa. Oktoba 2020 nchi hizi mbili zilicheza mechi ya kirafiki Dar es Salaam, Ndayiragije bado yuko na Tanzania, na Burundi wakashinda 1-0.

Kazi yake bora pale Taifa Stars, kwa maoni yetu, haikuwa hiyo ya Burundi. Ilikuwa Sudan. Walifungwa Dar 1-0 kwenye hatua ya mwisho ya kufuzu CHAN, na kila mtu akafunga daftari. Oktoba 2019 wakaenda Sudan, wakatanguliwa na goli la hesabu ya jumla, wakashinda 2-1, bao la pili la Ditram Nchimbi, na wakapita kwa goli la ugenini. Tanzania hawakuwa wamecheza CHAN tangu 2009. Mashindano yalichelewa kwa sababu ya korona, yakachezwa Cameroon Januari 2021: wakafungwa na Zambia 2-0, wakawafunga Namibia 1-0, wakatoka 2-2 na Guinea, safari ikaishia kwenye makundi. Mwezi uliofuata kibarua kikaota nyasi. Akaja Kim Poulsen, na mechi za makundi za Kombe la Dunia, zile ambazo tiketi yake ililipwa kwa penalti za Burundi, akazifundisha mwingine.

Mnaona mtindo wa maisha haya? Analima, anavuna mwingine. KMC hivyo hivyo, Stars hivyo hivyo. Geita Gold walimchukua 2021 wakiwa wamepanda, mwanzo ukawa mbaya, wakaachana mapema. Hakuna kiinua mgongo cha maana kwenye kazi hii. Mtu anafunga begi, anafungua begi. Mke na watoto wa kocha wanaijua kazi hiyo kuliko kocha mwenyewe, na tunadhani kina mama wengi wa hapa wanaelewa bila kuelezwa.

Halafu akaitwa nyumbani. Mwaka 2023 Ndayiragije alikuwa kocha wa Intamba mu Rugamba. Na hapa kuna jambo ambalo kwetu limezidi mpira. Aliporudi kufundisha timu ya taifa lake, timu yenyewe haikuwa nyumbani. Shirikisho la Afrika lilikuwa limekataa uwanja wa Bujumbura kwa kuwa haukufikia viwango, kwa hiyo Burundi ilikuwa inapokea wageni wake kwenye nchi za watu. Walicheza "nyumbani" Dar es Salaam, wakacheza "nyumbani" Lilongwe, Malawi. Wimbo wa taifa unapigwa, wachezaji wanashika kifua, na jukwaani wenyewe ni wachache. Tulipokuwa tunaeleza jambo hili kwa watoto wa darasa la 5, mmoja akauliza kama na timu inapewa kadi ya mgawo. Tulicheka, lakini si sana.

Matokeo yake na Intamba hayafanani na ya zamani. Yule kocha wa 0-0 na 1-1 tuliyemzoea aligeuka. Juni 2023 aliwafunga Namibia 3-2. Novemba 2023 akawafunga Gambia 3-2 kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Septemba 2024 akawafunga Malawi kwao Lilongwe, 3-2 tena. Ukiangalia timu inayofunga 3 na kufungwa 2 unajua mambo mawili: mbele kuna watu, nyuma kuna shimo. Shimo hilo ndilo lililowamaliza. Septemba 2023 walikwenda Garoua, Cameroon, wakijua kwamba wakishinda wanafuzu Kombe la Mataifa, wakafungwa 3-0. Kufuzu kwa 2025 walikuwa na Senegal, Burkina Faso na Malawi, na ule ushindi wa Lilongwe ukabaki peke yake. Safari yake na timu ya taifa ikaisha.

Wengine wangepumzika. Yeye akapanda kwenda Nairobi. Mwaka 2025 akachukua timu ya Polisi ya Kenya msimu ukiwa umeshafika katikati, na msimu wa 2024/25 ulipokwisha Polisi walikuwa mabingwa wa Kenya kwa mara ya kwanza tangu timu iundwe. Gor Mahia, wenye mataji mengi kuliko timu yoyote ya nchi ile, wakabaki nyuma. Fainali ya FA alifungwa, fainali ya Kagame alifungwa, na ubingwa wa ligi akaja kuupata akiwa amepita timu ngapi? Hesabuni wenyewe kuanzia Mwanza.

Hayuko peke yake, na ni vizuri vijana wajue. Cédric Kaze, Mrundi mwingine, alishika Yanga Oktoba 2020, akatimuliwa Machi 2021, halafu akarudi pale pale kama msaidizi wa Nasreddine Nabi. Si kila mtu anaweza kurudi kuwa msaidizi kwenye nyumba aliyofukuzwa kama baba mwenye nyumba. Yeye alirudi, Yanga wakachukua ubingwa bila kufungwa msimu wa 2021/22, na 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Baadaye wote wawili wakaenda Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, na Mei 2025 timu hiyo ikachukua Kombe la Nedbank kwa kuwafunga Orlando Pirates 2-1. Ilikuwa miaka 10 hawajagusa kombe.

Sasa tuseme habari ya msimu unaokuja.

Benchi lolote atakalokalia Ndayiragije, tunatazamia mambo haya. Mechi 5 au 6 za mwanzo zitakuwa ngumu kuangalia, sare nyingi, mabao machache, mashabiki watapiga kelele. Timu yake ikipewa muda wa kufika mzunguko wa pili, itapanda. Ndivyo ilivyokuwa mara nyingi, na pale ambapo hakupewa muda, kama Geita, hakuna kilichoonekana. Kwa hiyo swali halimhusu yeye peke yake, linahusu uvumilivu wa viongozi wa timu, na uvumilivu huo katika ligi zetu za Afrika Mashariki ni haba kama mvua ya mwezi wa 7. Jambo la pili ni makombe. Kwenye mechi za kutoana ni mtu hatari, na timu kubwa ikimpata kwenye kura isifurahi. Jambo la tatu ni Afrika. Polisi ya Kenya msimu wa 2025/26 ilikwenda Ligi ya Mabingwa ikatolewa na Al Hilal ya Sudan. Hapo bado kuna ukuta, na si kwa Polisi tu.

Ukuta huo tuliuona vizuri Agosti 2024. Vital'O, mabingwa wa Burundi, walipangwa na Yanga. Mechi zote mbili zilichezwa Dar es Salaam, hata ile iliyokuwa ya nyumbani ya Vital'O, kwa sababu ile ile ya uwanja. Ya kwanza 4-0. Ya pili 6-0. Mabao 10. Wazee waliokumbuka 1992 hawakuongea njiani. Haikuwa kwamba vijana wa Vital'O hawajui mpira. Yanga ana wadhamini, ana wachezaji kutoka nchi nyingi, ana basi, ana madaktari. Mchezaji mzuri wa Bujumbura akionekana tu anachukuliwa Tanzania, Rwanda au Kenya, kwa hiyo bingwa wa Burundi anapoingia Afrika anaingia bila watoto wake bora. Saidi Ntibazonkiza, mzaliwa wa Bujumbura, alicheza Uholanzi, Poland na Ufaransa, na alipozeeka kidogo akarudi ukanda wetu: Yanga, Geita, halafu Simba, na msimu wa 2022/23 akalingana na Fiston Mayele kuwa mfungaji bora kwa mabao 17. Ligi ya nyumbani ilimsikia redioni kama sisi.

Hata hivyo kuna kitu kimebadilika. Oktoba 2025 Intamba walicheza Intwari, Bujumbura, dhidi ya Kenya kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Walifungwa 1-0. Matokeo mabaya, lakini walifungwa nyumbani, na sisi tunaona kufungwa nyumbani ni bora kuliko kufungwa "nyumbani" kwa watu. Kombe la Mataifa la 2027 CAF iliwapa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, majirani watupu. Kama kuna fainali ambazo Mrundi angeweza kwenda kuziangalia kwa basi, ndizo hizo. Tangu 2019 Burundi haijarudi kwenye mashindano hayo ya wanaume. Dada zetu walifika yao mwaka 2022 kule Morocco, wakafungwa mechi 3 lakini wakawafunga golikipa wa Botswana mara 2 na wa Afrika Kusini mara moja, na habari yao tutaiandika peke yake, maana inastahili zaidi ya mstari mmoja.

Turudi kwa swali la vijana, na sasa tunaongea na wazazi. Mtoto akisema anataka kuwa mchezaji, wengi mnacheka au mnamnyang'anya mpira. Akisema anataka kuwa kocha mnaona amepungukiwa akili kabisa. Lakini ukocha ni kazi yenye shule yake. Shirikisho la Afrika linatoa leseni kwa ngazi, unaanza chini, unakwenda C, B, A, mpaka ile ya Pro, na bila leseni ya juu huwezi kusimama kama kocha mkuu kwenye mashindano ya Afrika hata uwe na ujuzi wa namna gani. Kila ngazi ina darasa, ina mtihani, ina kuandika. Mtu asiyejua kusoma na kuandika haendi popote, kwa hiyo kijana anayetoroka shule ili awahi mazoezi anajikata miguu mwenyewe.

Na lugha. Ndayiragije na Kaze walipofika Tanzania walizungumza na wachezaji na waandishi wa habari kwa Kiswahili, kile kile tunachoongea sokoni hapa, chenye lafudhi ya Buja ambayo Watanzania wanaicheka. Makocha wengi wa kigeni wanahitaji mkalimani wakati wa mapumziko, na dakika 15 zinaisha mkalimani bado anatafuta neno. Mrundi anaingia chumbani anasema mwenyewe. Kiongeze Kifaransa cha shuleni na Kiingereza kidogo, una mtu anayeweza kufanya kazi kuanzia Kigali mpaka Johannesburg. Wazazi mnaowakataza watoto Kiswahili nyumbani kwa kuogopa watasahau Kirundi, tunawaelewa, lakini wafundisheni vyote.

Hapa kambini tunao vijana wasiopungua timu moja ambao jioni wanafundisha watoto wadogo bila kulipwa, wana filimbi moja kati yao na mipira iliyoshonwa shonwa. Tumewaomba waandike majina yao na wazazi wao waweke sahihi. Yeyote mwingine anayetaka kujiunga, awe msichana au mvulana, afike Jumamosi saa 9 alasiri kwenye uwanja wa karibu na shule, aje na daftari na kalamu. Viatu si lazima.